Taa ya sensa kwa mzee: isiyoaminika ni mbaya kuliko giza

MSIMU wa kuuza mpunga na mahindi unapofika, barabara inayoshuka kutoka Sumbawanga mjini hadi Bonde la Ziwa Rukwa, kupitia mteremko wa Lyamba lya Mfipa, huwa na pilikapilika nyingi. Magari hupanda na magunia na kushuka na bidhaa za dukani: mabati, sabuni, vipuri vya pikipiki, nguo na, katika miaka ya karibuni, taa ndogo zenye jicho la plastiki nyeupe ambazo hujiwasha zenyewe mtu akipita mbele yake.

Mafundi na wauzaji huziita taa za sensa. Sensa hii si ile ya kuhesabu watu. Ni kitambuzi kidogo kinachohisi kuwa kuna kitu chenye joto kimepita, kikaamuru taa iwake, kisha kikaizima baada ya muda uliowekwa.

Mara nyingi anayeinunua taa hiyo siye atakayeitumia. Mnunuzi ni kijana aliyeuza mazao au anayefanya kazi mjini, na mtumiaji ni baba, mama au bibi aliyebaki nyumbani katika Kata ya Kaoze au vijiji vya jirani. Kijana anaiona taa mchana, dukani, ikiwaka vizuri mikononi mwa muuzaji. Mzee ataitegemea saa nane za usiku, peke yake, akielekea chooni.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya uchaguzi wa taa ya mzee usiwe jambo la kubahatisha. Mzee aliyezoea tochi huiweka chini ya mto na haendi popote bila hiyo. Akifungiwa taa ya sensa na kuona inawaka kila anapofungua mlango, baada ya wiki mbili ataiacha tochi kitandani. Usiku taa itakapogoma, atakuwa katikati ya uwanja akiwa hana tochi wala taa.

Kwa sababu hiyo, taa inayowaka leo na kugoma kesho ni mbaya kuliko kutokuwa na taa kabisa. Swali la kwanza kwa mnunuzi lisiwe "inawaka sana?" bali "itawaka kila usiku?"

Hasara ya kuanguka

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 duniani hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na kwamba wanaokufa zaidi ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Huo ndio umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautumia kumtambua mzee nchini Tanzania.

Macho nayo huchangia. Wataalamu wa macho wanaeleza kuwa jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Njia ambayo kijana anaiona vizuri kwa mbalamwezi, kwa mzee ni giza. Akiwa na mtoto wa jicho hali huwa mbaya zaidi, kwani hata mwanga mkali unaompiga usoni humpofusha kwa muda.

Nyumba nyingi za vijijini zina jiko la nje na choo cha shimo kilichojengwa mbali kidogo na nyumba. Katikati yake kuna kizingiti, kuni, kamba ya mbuzi, beseni lililosahauliwa na, wakati wa masika, utelezi. Mzee akivunjika nyonga, familia ya bondeni italazimika kumpandisha mlimani hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga, kulipa nauli za wanaomuuguza na kuacha shamba bila watu kwa wiki kadhaa. Kwa mkulima, hiyo ni hasara inayoweza kumeza magunia mengi kuliko bei ya taa yoyote iliyopo dukani.

Jicho linavyoona

Taa nyingi za bei ya kawaida hutumia kitambuzi cha joto. Jicho lake halitoi mwale wowote. Linapokea joto linalotoka kwenye mwili wa mtu na kulinganisha na joto la vitu vinavyomzunguka. Mtu anapotembea, joto hilo linahama kutoka upande mmoja wa jicho kwenda mwingine, na taa inawaka.

Kutokana na hilo, kuna mambo manne ambayo mnunuzi anatakiwa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, jicho humwona vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayelifuata moja kwa moja. Taa iliyofungwa juu ya mlango wa choo, ikimtazama mzee anayekuja, itachelewa kuwaka. Iliyofungwa pembeni mwa njia itawahi.

Pili, jicho halioni kupitia kioo, bati wala ukuta. Taa iliyofungwa ndani nyuma ya dirisha la kioo haitamwona aliye nje.

Tatu, mtu asiyetikisika haonekani. Mzee aliyekaa chooni dakika tano bila kujongea, kwa taa ni sawa na hayupo, na itamzimia.

Nne, chochote chenye joto kinachotembea huiwasha: mbwa, mbuzi, hata kuku waliokosa banda.

Zipo pia taa zenye kitambuzi cha mawimbi ya rada. Hizi hazitegemei joto na huweza kuhisi mwendo hata nyuma ya mlango wa mbao au ukuta mwembamba. Uzuri wake ni kwamba joto la hewa haliziyumbishi. Ubaya wake ni kwamba pazia likipepea au jirani akipita nyuma ya ukuta, zinaweza kuwaka bila sababu. Zinafaa zaidi ndani ya nyumba kuliko nje.

Kaoze si Sumbawanga mjini

Mkoa wa Rukwa una hali mbili za hewa, na taa inayosifiwa mjini inaweza kushindwa kazi bondeni. Sumbawanga mjini iko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi, na bonde lake, ikiwamo Kaoze, lina joto kali kuliko uwandani. Kushuka mita 1,000 kwa kawaida huongeza joto la hewa kwa nyuzi 6 hivi.

Kitambuzi cha joto hupenda tofauti kubwa kati ya mwili wa mtu na hewa. Katika usiku wa joto bondeni, tofauti hiyo hupungua, na taa iliyoandikwa kuwa inaona mita 8 inaweza kumwona mtu akiwa ameshakaribia sana. Anayenunulia mzee wa Kaoze asihesabu mita zilizoandikwa kwenye boksi. Ahesabu nusu yake, na kama njia ni ndefu anunue taa mbili badala ya moja kubwa.

Huko juu uwandani shida ni nyingine. Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na mzee anayeamka usiku hujifunika blanketi zito kuanzia kichwani. Blanketi huzuia joto la mwili kutoka nje, hivyo jicho linabaki kuuona uso na mikono tu. Hapa taa ifungwe mahali ambapo itaushika uso wa mzee anapotoka mlangoni, si mgongo wake baada ya kupita.

Betri nazo zina tabia zake. Joto kali hufupisha maisha ya betri za lithiamu, hasa taa inapofungwa juu ya bati linalochomwa na jua kutwa nzima. Kwa bondeni, taa yenye betri ya aina ya lithiamu-chuma-fosfeti, ambayo kwenye boksi huandikwa LiFePO4, ni bora zaidi. Inastahimili joto na kuchajiwa mara nyingi, kwa kawaida zaidi ya 1,000, wakati lithiamu ya kawaida huanza kuchoka baada ya mara 300 hadi 500.

Chagua umeme kabla ya taa

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuchagua taa kwa sura yake, kisha kutafuta jinsi ya kuiwasha. Anayemnunulia mzee anashauriwa kuanza na swali la umeme. Njia ni tatu.

Umeme wa TANESCO. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika katika vijiji vingi. Lakini nguzo kupita barabarani si sawa na nyumba ya bibi kuwa na umeme. Kama umeme upo, njia nyepesi ni balbu ya LED yenye jicho lake, inayoingia kwenye holda ya kawaida. Muhimu ni kuangalia holda ya nyumbani kabla ya kununua: zipo za pini mbili na zipo za kuzungusha.

Balbu ya wati 5 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 1.8 kwa mwezi. Ikiwaka saa moja tu kwa usiku kwa sababu ya sensa, hutumia uniti 0.15, pamoja na kiasi kidogo kinachotumiwa na jicho lenyewe likiwa linasubiri. Hivyo mwenye umeme asinunue sensa kwa ajili ya kubana LUKU. Fedha inayookolewa ni ndogo. Faida yake halisi ni kwamba mzee hatafuti swichi gizani.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja: umeme ukikatika, taa nayo haipo. Kwa miaka mingi Sumbawanga imetegemea umeme unaonunuliwa Zambia, na Rukwa haikuwa imeunganishwa na gridi ya Taifa. Ndiyo maana ukabuniwa mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Sumbawanga kupitia Mbeya na Tunduma. Hata penye gridi umeme hukatika, hususan wakati wa mvua za radi. Kwa hiyo mzee asiachiwe taa ya TANESCO peke yake.

Sola. Taa ya ukutani yenye paneli, betri na jicho kwa pamoja ndiyo inayofaa uwanjani na njiani kwenda chooni. Ila taa nyingi za aina hiyo zina paneli iliyogandishwa juu ya taa yenyewe. Zikifungwa chini ya upenu wa bati au wa nyasi, paneli haipati jua na taa hudhoofika ndani ya siku chache. Iliyo bora ni ile ambayo paneli imetengana na taa kwa waya wa mita kadhaa. Taa inakaa ukutani, paneli inapanda juu ya paa ikielekea kaskazini kwa mwinamo mdogo, kwa kuwa Rukwa iko kusini mwa Ikweta.

Anayenunua mwezi wa Agosti akumbuke mwezi wa Februari. Wakati wa kiangazi kila taa ya sola huonekana nzuri. Kipimo chake ni masika, pale mawingu yanapokaa siku tatu mfululizo.

Betri kavu. Taa ndogo zinazotumia betri tatu ndogo kama zile za rimoti ndizo nafuu kuliko zote, na hazihitaji fundi. Zinafaa ndani: kando ya kitanda, kwenye ukumbi mwembamba, juu ya kizingiti. Tuseme mzee huiwasha mara 20 kwa usiku, nusu dakika kila mara. Hizo ni dakika 10. Kwa taa inayovuta miliampea 100, betri nzuri za alkalini zitakaa kiasi cha miezi miwili. Betri za bei ya chini zinaweza zisifike mwezi na nusu. Kabla ya kuinunua, jiulize nani atabadilisha betri hizo, na kwa fedha ya nani.

Boksi linasema nini

Katika maduka ya Sumbawanga, kama ilivyo Mbeya na Kariakoo, kuna taa za sola zilizoandikwa wati 100, 200 hata 300 kwenye boksi linaloenea kiganjani. Paneli yenye ukubwa wa daftari haiwezi kulisha taa ya wati 300 usiku kucha. Namba hiyo ipuuzwe.

Namba ya kutafuta ni lumeni, ambacho ndicho kipimo cha mwanga. Balbu ya zamani ya wati 40 ilitoa lumeni 400 hivi. Kwa njia ya chooni, lumeni 150 hadi 300 zinatosha. Kando ya kitanda hata 30 zinatosha, na zikizidi zitamwumiza mzee macho.

Namba ya pili ni ujazo wa betri, unaoandikwa mAh. Betri ya 1,200 mAh yenye volti 3.7 ina wati-saa 4.4. Ikiendesha taa ya wati 2, itawaka kwa nguvu saa mbili na kidogo, basi. Mzee anayetoka mara nne kwa usiku, dakika tano kila mara, atatumia dakika 20 tu, hivyo betri hiyo inamfaa. Lakini kama kuku na mbwa wataiwasha taa usiku kucha, alfajiri mzee atakuta imekwisha.

Namba ya tatu ni kinga dhidi ya vumbi na maji, inayoanza na herufi IP. IP44 huvumilia maji ya kurushwa na inafaa chini ya upenu. IP65 haiingizi vumbi na huvumilia maji ya kumiminwa, hivyo inafaa mahali pa wazi. Taa isiyo na alama hiyo ibaki ndani ya nyumba.

Rangi ya mwanga nayo huangaliwa. Mwanga wa manjano, unaoandikwa 3000K au chini yake, hauumizi macho ya mzee usiku kama ule mweupe wenye ubuluu wa 6500K.

Zaidi ya hapo, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) itafutwe. Kimataifa upo mpango wa VeraSol, ambao mwaka 2020 ulipokea kazi ya kuhakiki ubora wa vifaa vidogo vya sola iliyokuwa ikifanywa chini ya Lighting Global ya Benki ya Dunia. Orodha ya vifaa vilivyofaulu ipo wazi kwenye intaneti, na mwenye simu anaweza kuangalia modeli kabla ya kulipa. Vingi ni taa za mkononi na seti za sola za nyumbani, na baadhi ya seti hizo huwa na taa ya sensa ndani yake.

Kuifunga na kuirekebisha

Taa nyingi zina vitufe vitatu: cha muda, cha giza na cha umbali. Kiwandani muda huwekwa mfupi, mara nyingine sekunde 10, ili muuzaji aonyeshe haraka inavyojizima. Kwa mzee muda huo ni mtego. Anayetembea polepole, nusu mita kwa sekunde, anahitaji sekunde 30 kumaliza njia ya mita 15. Muda uwekwe usipungue dakika mbili nje, na dakika tano au zaidi chooni.

Njia ya mita 15 isiachiwe taa moja. Moja ikae mlangoni, iwake mzee anapotoa mguu nje, na nyingine ikae kando ya njia kabla ya choo. Ikiwezekana, inunuliwe aina inayobaki na mwanga hafifu usiku kucha na kuongezeka mtu anapopita. Hiyo hata jicho likishindwa, mzee habaki katika giza totoro.

Taa isitazame jiko la kuni, kwani moto huichanganya na moshi huliziba jicho kwa masizi. Ifungwe mita mbili hadi mbili na nusu kutoka chini, mwanga ukielekea ardhini badala ya usoni, na kuku wafungiwe bandani.

Kwa taa ya TANESCO kuna kasoro nyingine ndogo inayosumbua nyumba nyingi. Mjukuu anazima swichi ya ukutani kwa mazoea, na jicho linakosa umeme. Swichi hiyo izibwe kwa utepe au ifunikwe kabisa. Kazi ya waya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, hasa katika nyumba za tofali mbichi ambazo kuta zake hupata unyevu.

Majirani waelezwe

Jina la Sumbawanga lenyewe kwa kawaida huelezwa kuwa ni la Kifipa lenye maana ya kutupa uchawi. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi Serikali na watetezi wa wazee wamepiga vita mauaji ya wazee kwa tuhuma za ushirikina, mwanga unaojiwasha na kujizima usiku wa manane nyumbani kwa bibi anayeishi peke yake si jambo la kupuuza.

Dawa yake ni rahisi. Siku ya kufunga taa, majirani na balozi waitwe mchana. Waonyeshwe jicho, taa itiwe kivuli kwa nguo ili idhani ni usiku, kisha kila mmoja apite aone inavyowaka. Watoto wataicheza hadi waichoke, na kuanzia hapo itakuwa taa ya kawaida. Majirani hao hao watakuwa walinzi wake: wakiona usiku haikuwaka, watajua la kufanya asubuhi.

Fursa kwa mwenye duka

Kwa mfanyabiashara mdogo, taa hizi ni biashara inayoweza kujenga jina au kulibomoa. Mteja aliyesafiri kutoka Kaoze hadi mjini hatarudi kwa muuzaji aliyempa taa iliyokufa baada ya mwezi mmoja, na kijiji kizima kitajua.

Mwenye duka anashauriwa kununua chache za kila aina kabla ya kujaza rafu, na kuzijaribu nyumbani kwake wiki nzima. Akishajua ipi inadumu, atoe waranti ya maandishi, walau mwaka mmoja kwa taa za sola, pamoja na risiti ya mashine. Awe pia na betri za akiba za kubadilisha, kwani taa nyingi hutupwa ilhali kilichokufa ni betri tu.

Mnunuzi naye apige hesabu. Kwa mfano, taa ya Sh 8,000 inayokufa kila baada ya miezi minne humgharimu Sh 24,000 kwa mwaka. Ya Sh 25,000 inayodumu miaka mitatu humgharimu takriban Sh 8,300 kwa mwaka. Hapo nauli za kufuata nyingine mjini hazijahesabiwa, wala usiku ambao mzee alibaki bila taa.

Usiku saba wa majaribio

Baada ya kufunga, mnunuzi asiondoke siku hiyo hiyo kama anaweza. Alale hapo usiku mmoja na kutembea mwenyewe, polepole, kwa mwendo wa mzee: kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi chooni, na kurudi. Ajaribu akiwa amejifunika blanketi. Ajaribu kukaa chooni bila kutikisika. Ajaribu alfajiri, wakati betri imebaki kidogo.

Kwa usiku mwingine sita, mjukuu au jirani aangalie na kuweka alama kwenye karatasi. Taa ikikosa kuwaka hata mara moja bila sababu inayoeleweka, irudishwe dukani ikiwa risiti bado ni mpya.

Baada ya hapo kuna kazi mbili za kila mwezi: kufuta jicho na paneli kwa kitambaa chenye unyevu ili kuondoa vumbi, masizi na utando wa buibui, na kuhakikisha betri ina nguvu. Kazi hizo apewe mtu anayetajwa kwa jina. Zikiachwa ziwe za kila mtu, hakuna atakayezifanya. Betri zilizokufa zisitupwe shambani wala motoni.

Na tochi ya mzee isichukuliwe. Ibaki chini ya mto, ikiwa na betri nzima, hata kama taa mpya haijawahi kukosea. Atakayetoka chooni usiku wa mvua mwezi wa Februari, paneli ikiwa haijaona jua kwa siku tatu, ni bibi mwenyewe, na aliyempelekea taa atakuwa mbali amelala.